Homa Biharamulo, daraja la Rusumo, na kitabu kinachosema hatuwezi kuwazia

Jiweke kwenye nafasi hii. Ni wiki ya mwisho ya Januari 2025, uko wilayani Biharamulo. Siku kumi zilizopita ulimuuguza jirani yako, akafariki. Leo umeamka na homa, kichwa kinagonga. Inaweza kuwa malaria, na malaria huku si mgeni. Inaweza pia kuwa Marburg, ugonjwa ambao Rais ameutangaza tarehe 20 mwezi huu. Una njia nne: kituo cha afya, namba ya simu ya bure, duka la dawa pale barabarani, au ulale tu ndani usubiri ipite. Unafanya nini?

Sasa angalia akili yako ilivyofanya kazi wakati unasoma. Sidhani kama ulipiga hesabu ya uwezekano. Uliona picha. Pengine uliona gari la wagonjwa limesimama nje na majirani wamejazana. Ukaona watu waliojifunika kuanzia kichwani mpaka miguuni. Ukajiuliza watoto watabaki na nani. Halafu, kabla hujamaliza, ukawa tayari umeegemea upande mmoja. Uwezo huo wa kuona jambo ambalo bado halijawepo ndio ninaouita kuwazia, na ndio mada yetu leo. Swali ni dogo lakini zito: je, tunapoamua mambo makubwa, tuuamini?

Kuna kitabu kinachojibu: hapana, si kwa yale makubwa kuliko yote. Kinaitwa *Transformative Experience*, kimeandikwa na mwanafalsafa wa Marekani L. A. Paul, na Oxford University Press walikitoa mwaka 2014. Nimekisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikubali karibu kila kitu. Mara ya pili nilikisoma huku nikifikiria Ngara na Biharamulo, kikaanza kuvuja. Naeleza kwa nini.

Hoja yenyewe

Paul anaanza na mfano wa kuchekesha. Unapewa nafasi ya kugeuka mnyonya damu, yule wa sinema za kutisha. Rafiki zako wote wameshageuka na wanakuambia maisha ni matamu ajabu, ila hawawezi kukueleza, mpaka uwe mmoja wao. Utaamuaje?

Anaendelea na mfano wa doriani. Kama hujawahi kulila tunda hilo huwezi kujua ladha yake, hata usimuliwe kutwa nzima. (Wasomaji wetu wa Unguja mtacheka, najua. Kwenu si fumbo.) Kisha anafika kwenye mfano anaoutaka hasa: kupata mtoto wa kwanza. Anasema kuna mambo yanayokubadilisha mara mbili. Kwanza yanakufundisha kitu ambacho huwezi kukijua mpaka kikupate. Pili yanakugeuza wewe mwenyewe, unachokipenda na unachokithamini. Kwa mambo ya aina hiyo, kuwazia kunakwama. Huwezi kupima "itakuwaje kwangu" kwa sababu hujui itakuwaje, na huyo "mimi" atakayeishi huko hayupo bado.

Je, si tuwaulize waliopitia? Paul anasita sana. Takwimu na ushuhuda wa wengine vinakueleza habari za watu wengine. Ukiamua maisha yako kwa kufuata hivyo tu, ukaacha pembeni namna wewe unavyoyaona, umeyakabidhi kwa mtu mwingine. Njia anayoiona yeye ni hii: usiamue kwa kukisia utamu au uchungu. Amua kama unataka kugundua utakuwa nani.

Ni hoja safi. Na hebu tuwe wakweli, Waswahili tulishaisema kwa maneno machache: uchungu wa mwana aujuaye mzazi, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kwa hiyo Paul hajakosea kuona kwamba kuna ukuta. Ninachopinga ni mahali alipoujenga.

Panga linaloambukiza

Tuanze shambani. Mwaka 2006 mnyauko bakteria wa migomba ulithibitishwa Kagera, ukianzia Muleba, baada ya kuonekana Uganda mwaka 2001. Ugonjwa wenyewe ulijulikana zamani Ethiopia kwenye ensete, mmea ndugu wa mgomba. Baadaye ukasambaa wilaya nyingine za mkoa. Majani yanageuka njano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizikata ndani zina madoa ya kahawia. Hakuna dawa ya kupulizia ikaponya mgomba ulioshikwa.

Wataalamu wanamwambia mkulima afanye mambo ambayo kwa macho matupu ni ya ajabu. Kata mche ulioonyesha dalili, kata mapema, usisubiri mkungu ukomae. Lile ua dume linaloning'inia chini ya mkungu, liondoe mapema, na usitumie kisu, tumia kijiti chenye panda. Panga lako lipitishe kwenye moto au kwenye jiki kabla ya kugusa mgomba mwingine.

Kwa nini kijiti? Kwa sababu wadudu wanatua kwenye makovu ya ua dume na kuacha vijidudu, na panga linavibeba kutoka mgomba hadi mgomba. Ili ufanye kazi hii inayochosha, kila siku, bila kusimamiwa, lazima uone kwa akili kitu ambacho jicho halioni: utomvu kwenye makali ya panga una ugonjwa, na mgomba ule wa pili ambao leo ni kijani kabisa, baada ya wiki kadhaa utakuwa njano kwa sababu ya mkono wako.

Hiyo ni kuwazia. Lakini tazama, haina uhusiano wowote na "nitajisikiaje". Mkulima hachezi sinema ya hisia zake za kesho. Anafuata mnyororo: nikifanya hivi, kitatokea nini, halafu nini, halafu nini. Na mnyororo huo unabanwa na ukweli wa mambo. Hawezi kuuwazia anavyopenda, bakteria haimsikilizi.

Hapa ndipo kitabu kinapoanza kuvuja. Kwa Paul, kazi kubwa ya kuwazia katika uamuzi ni kuonja mapema ladha ya maisha yajayo. Ikishindwa kazi hiyo, anaona tumebaki mikono mitupu. Lakini sehemu kubwa ya kuwazia kwetu si kuonja, ni kupanga njia. Sijui uzazi una ladha gani, sawa. Lakini naweza kuwazia nani atakaa na mtoto nikiwa kazini, maziwa yatatoka wapi, mama atakuja au hatakuja. Hiyo nayo ni fikra, tena ndiyo inayoamua mambo mengi.

Rusumo, mara mbili

Mkulima anamjua mgomba tangu utoto wake, kwa hiyo mtetezi wa Paul atasema nimechagua mfano rahisi. Haya, tuchukue mgumu. Tushuke Ngara mpaka mpakani, darajani Rusumo.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya takribani saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka kutoka Rwanda kuingia Ngara. Benaco ikawa mojawapo ya kambi kubwa kuliko zote duniani kwa wakati ule. Miaka miwili na nusu baadaye, mwanzoni mwa Desemba 1996, serikali ya Tanzania pamoja na UNHCR walitoa tamko la pamoja: wakimbizi wote wa Rwanda wanatarajiwa kurudi kwao ifikapo tarehe 31 Desemba. Katikati ya mwezi, umati mkubwa ulitoka kambini, lakini haukuelekea Rwanda. Ulielekea upande wa pili, ndani zaidi ya Tanzania. Wanajeshi wakawageuza. Mpaka mwisho wa mwezi karibu nusu milioni walikuwa wamevuka kurudi, na Amnesty International ikahoji vikali kama hiyo iliitwa hiari kwa haki.

Kama kuna tajriba inayobadilisha mtu, basi ni kurudi kwenye nchi uliyoikimbia wakati wa mauaji ya kimbari. Hujui nyumba yako ina nani. Hujui nani atakunyooshea kidole, kwa haki au kwa uongo. Na kambini palikuwa na waliohusika na mauaji yale, waliokuwa na sababu zao wenyewe za kutotaka watu warudi. Kila mtu alikuwa anawazia, lakini vifaa vya kuwazia vilikuwa mikononi mwa wachache.

Hili Paul haligusi. Mtu wake anaamua peke yake, sebuleni, akiwa ametulia, na picha zilizo kichwani mwake ni zake. Ngara inaonyesha kwamba picha tunazoamulia tumepewa na watu: redio, jirani, kiongozi wa kambi, uvumi wa kisimani. Mtafiti Simon Turner, aliyefanya utafiti kambi ya Lukole hapo hapo Ngara miongoni mwa wakimbizi wa Burundi, ameandika kuhusu uvumi kambini kama namna ya watu kujaribu kuelewa nguvu kubwa zinazowazunguka. Uvumi nao ni kuwazia. Ni kuwazia kwa pamoja, pale ambapo habari za kuaminika hazipatikani.

Kwa hiyo swali "je, unaweza kuwazia itakuwaje?" halijakamilika. Uliza pia: nani amekupa picha hizo, na unaweza kuzikagua?

Macho ya kuazima

Na kuna namna ya kuzikagua. Katika kazi ya kurudisha wakimbizi kwa hiari, UNHCR wana utaratibu ambao mwongozo wao wa mwaka 1996 unaueleza: wakimbizi wachache, waliochaguliwa na wenzao, wanapelekwa kuitazama nchi yao, kisha wanarudi kambini kusimulia. Kuna pia ziara za upande wa pili, waliokwisha kurudi wanakuja kambini kueleza. Utaratibu huu umetumika pia kwa wakimbizi wa Burundi waliokuwa Tanzania.

Kwa kipimo cha Paul, huu ni ushuhuda tu. Aliyekwenda ni yule, si mimi. Aliporudi na kusema "nimeiona, inakalika", amenieleza yake.

Lakini tazama kinachotokea kweli. Anayesikiliza hapokei neno "inakalika" akaenda nalo. Anauliza. Shamba la upande ule wa mto analima nani? Shule ina bati? Ulilala wapi, na ulilala kweli? Fulani ulimwona? Kwa kila jibu anaijenga picha yake mwenyewe, kwa mambo anayoyajali yeye. Mwenye watoto wadogo atauliza shule, mwenye kesi ya ardhi atauliza mipaka. Macho ni ya kuazima, ila fikra ni ya kwake. Naona Paul amechanganya mambo mawili hapa: kumwachia mwingine akuamulie, na kutumia alichokiona mwingine ili uamue. La kwanza ni kujikabidhi. La pili ndilo wazee walilokusudia waliposema asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mtetezi wake atanijibu: hata ukiuliza maswali mia, bado hujui utakavyojisikia siku utakapoufungua ule mlango. Kweli, sijui. Lakini sihitaji kujua hilo ili niamue kwa akili. Nahitaji kujua kama kuna mlango, kama kuna mtu ndani, na kama naweza kurudi nyuma mambo yakiharibika. Hayo yanawazika, na yanaulizika.

Nitampa Paul haki yake pia. Anatukumbusha unyenyekevu. Afisa anayesimama mbele ya watu akasema "najua mnavyojisikia" anastahili kusoma kitabu hiki. Na shaka yake juu ya takwimu ina ukweli ambao sisi wa sayansi tunausahau kirahisi: wastani wa watu wengi haukuambii wewe utakuwa yupi kati yao.

Lakini jibu lake la mwisho, kwamba uchague kama unataka kugundua utakuwa nani, hilo ni jibu la mtu aliyeshiba. Anayesimama Rusumo Desemba 1996 hana anasa ya kujigundua.

Turudi kwenye ile homa

Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya watu wanaoshukiwa kuwa na Marburg mkoani Kagera. Wizara ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha ugonjwa huo. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na mkurugenzi wa shirika hilo, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika. Kwa siku kadhaa, basi, mkazi wa Biharamulo alikuwa na picha mbili rasmi za wilaya yake, moja yenye Marburg na nyingine isiyo nayo, na maisha yalikuwa yanaendelea. Kuuguza kuliendelea, na kuzika pia.

Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Wagonjwa wawili walithibitishwa na maabara, wanane wakahesabiwa kuwa ni wa kudhaniwa sana, na wote kumi walifariki. Watu 281 waliokuwa wamekutana na wagonjwa walifuatiliwa mpaka wakamaliza siku zao 21, kwa sababu dalili zinaweza kuchukua siku mbili hadi 21 kujitokeza. Ndiyo maana pia mlipuko hautangazwi kwisha mpaka zipite siku 42, mara mbili ya hizo, bila mgonjwa mpya. Kagera ilikuwa imeshapita njia hii mwaka 2023 kule Bukoba Vijijini: wagonjwa tisa, vifo sita.

Sasa fikiria siku 21 kwa mtu mmoja. Anaambiwa asichangamane, aripoti joto la mwili, na homa ikianza apige simu. Tunamtaka afanye jambo ambalo kila picha aliyonayo inamwambia asilifanye. Waliougua Marburg hawakupona. Hiyo ndiyo picha, na katika mlipuko ule wa Biharamulo picha hiyo haikuwa uvumi.

Matangazo mengi ya afya tunayoyajua yanampa mtu huyu vitu viwili: orodha ya dalili na hofu. Homa kali, kutapika, kuharisha, kutokwa damu, unaua. Yote ni kweli. Lakini hofu isiyo na njia inazalisha picha moja tu, ya mwisho mbaya, na mtu mwenye picha hiyo atajificha. Si mjinga. Ameamua kwa picha aliyopewa.

Anachohitaji ni mnyororo, kama ule wa mkulima na panga lake. Ukipiga simu, nani atapokea? Gari litakuja mpaka mlangoni au litasubiri barabarani? Utapimwa lini, majibu yatachukua muda gani? Ikiwa ni malaria, unarudi nyumbani siku ipi? Mbuzi na watoto nani atawaangalia? Ndugu anaweza kukuona kwa mbali, kuongea na wewe kwa simu? Ukifariki, nani wa ukoo atakuwepo kwenye maziko, na dua au sala itasomwa vipi? Na zaidi ya yote, macho ya kuazima: mmoja kati ya wale 281 waliomaliza siku 21 salama, asimame kijijini kwake aeleze siku ya kwanza ilikuwaje, na ya kumi, na ya ishirini na moja. Watu wamuulize mpaka wachoke.

Mtu atasema hayo ni mambo ya uhamasishaji, si ya falsafa. Mimi naona ni falsafa ile ile, ila ina gharama. Ukiamini kama Paul kwamba pale tajriba mpya inapoanza kuwazia kunaishia, basi kazi yako kwa mwenye homa ni moja kati ya mbili: umwamulie wewe, au umwache aruke gizani. Ukiamini kwamba kuwazia ni kazi ya kupanga njia, tena kazi inayofanywa na watu wengi pamoja na inayoweza kukaguliwa, basi unayo kazi ya tatu: kumpa vifaa.

Kwa hiyo kisome kitabu cha Paul. Kinafikirisha, na mfano wake wa mtoto wa kwanza utakukaa. Ila usome ukiwa na mtu yule wa Biharamulo pembeni, ameketi kitandani na homa yake, simu mkononi. Hamuulizi Paul atakuwa nani baadaye. Anauliza tu gari likija, watoto watalala wapi usiku wa leo.